Gurudumu Linaloingia Bila Nyundo

Jina alilopewa shemeji yangu na wazazi wake hulisikii ila hospitali, nesi anapoliita mara ya tatu naye mwenyewe anageuka kuangalia anaitwa nani. Mtaani ni Cheche. Mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye miwani myeusi ya kuchomelea ambayo akiivua humwachia duara mbili kuzunguka macho. Ukikutana naye sokoni na duara zake utadhani bundi amekuja kununua vitunguu. Nimemwambia hivyo zaidi ya mara moja.

"Bundi huyu ni mke wa mdogo wako," hunijibu. "Ukinitukana mimi umetukana ukoo wenu, shemeji. Kaa kimya unoe visu."

Kunoa visu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Nilikuwa na jiwe la duara juu ya fremu ya baiskeli, nalizungusha kwa mguu, nikaingia nalo miji mingi kuliko ninayoweza kuitaja. Shule sikukaa sana. Karakana ndiko nilikokaa, maana mafundi hawamfukuzi mtu mwenye jiwe la kunolea. Humpa kivuli na chai, naye huwapa makali. Kwa hiyo nikisema kwamba karakana ya Cheche haina mwenzake, si kwa sababu ni ya nyumbani. Nina za kulinganisha nazo.

Mdogo wangu, mume wake, miguu yake ilinyauka kwa ugonjwa akiwa bado ananyonya. Hatembei. Anaenda kwa baiskeli ya mikono, ile ya magurudumu matatu ambayo mtu anakaa kitini na kuzungusha pedali mbele ya kifua. Wanamwita Dereva kwa sababu anapiga honi hata kwa kuku. Baiskeli yake ya kwanza ilikuwa ya msaada, imetoka mbali, rangi yake inang'aa kama pipi. Aliitumia kwenda kazini kwake, anashona viatu karibu na stendi, akaitumia hata kwenda kuchumbia. Cheche anasema alichompendea ni ile honi. Sijui kama ni kweli, lakini mdogo wangu anaamini, na ndoa imedumu.

Basi baiskeli ile ya pipi, gurudumu moja la nyuma likafa. Tukalipeleka kwa fundi huyu, akatikisa kichwa. Kwa yule, akatikisa kichwa. Tundu la katikati ya gurudumu lilikuwa la ukubwa usiolingana na chuma chochote cha kwetu, na ekseli yenyewe, yaani chuma kile ambacho gurudumu huzungukia, ilikuwa na meno ya ajabu. "Hii si ya hapa," walisema wote, kama vile baiskeli ni mgeni aliyepotea njia. Dereva akakaa ndani. Viatu vya watu vikamngoja stendi, kisha vikaacha kumngoja. Mwanamume aliyekuwa akipigia honi kuku akawa anasikiliza honi za wenzake dirishani.

Wakati huo Cheche alikuwa anafanya kazi kwa Fundi Mageti, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara hadi leo. Jioni moja alirudi mapema na msumeno wa chuma, akaipindua ile baiskeli uani, akaanza kuikata tumbo.

"Mke wangu," mdogo wangu akasema kutoka mlangoni, "hiyo ndiyo miguu niliyo nayo."

"Miguu gani, inayokusubirisha ndani? Nipishe."

Alichofanya kinaonekana rahisi ukishakijua. Aliamua magurudumu yote matatu yawe ya aina moja, la mbele liweze kukaa nyuma na la kushoto liweze kukaa kulia. Aliamua ekseli iwe fupi na nyofu, ya milimita ishirini, isiyo na meno wala ufunguo maalumu, ishikwe na nati ambayo kila duka la vyuma inayo. Katikati ya gurudumu akaweka bushi, yaani kipande cha bomba la plastiki ngumu, limetobolewa tundu pana kidogo tu kuliko ekseli. Gurudumu likilika, badilisha bushi. Likivunjika, chomoa, chomeka jingine. Na sharti lake lilikuwa moja: gurudumu liingie kwa mkono, bila nyundo. "Ukitumia nyundo," alikuwa akisema, "hujaunganisha kitu, umekilazimisha."

Sasa vyuma vyetu ni chakavu. Ekseli hii imetoka kwenye gari lililokufa, ile imetoka kwenye mashine ya kusaga, hakuna viwili vinavyolingana. Lazima uvikereze vipungue. Ili asipime kila mara kwa macho, Cheche alitengeneza pete. Pete ya chuma, nene, tundu lake ni unene wa ekseli yenyewe. Unakereza, unajaribu kwenye pete, haipiti, unakereza tena, ikipita, acha. Pete akaitundika kwa kamba kwenye mwimo wa mlango wa karakana yake mwenyewe, maana kufikia hapo alishamuaga Fundi Mageti na kufungua yake. Aliitundika upande wa nje.

Upande wa nje! Hilo ndilo lililozua maneno. Kwa sababu wenye baiskeli za mikono walipomwona Dereva amerudi barabarani na honi yake walitaka na wao, na Cheche mikono yake ni miwili. Mafundi wengine wakaanza kuja na vyuma vyao, wanapitisha kwenye pete yake, wanaondoka bila hata kubisha hodi. Hakumzuia mtu. Aliyeuliza vipimo vya bushi alichorewa kwa chaki sakafuni.

Fundi Mageti alivuka barabara kuja kumuonya. Ni mtu mkubwa, sauti yake ni ya lori linalopanda mlima, na alikuwa bado anamuona Cheche kama msaidizi wake aliyechelewa kurudi kazini.

"We mama, umerogwa? Unawagawia watu sufuria yako wapikie, wewe utapikia kofia?"

"Kofia yako ni kubwa, mzee. Tutakula wote."

"Nasema kweli. Tazama mimi." Akamwonyesha ekseli aliyoibuni yeye. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo, ilikuwa nzuri kuliko ya Cheche. Ilikuwa na gololi ndani, inazunguka kama maji, na ilifungwa kwa ufunguo alioutengeneza mwenyewe, ambao uko mmoja tu, shingoni mwake. "Akinunua kwangu, atarudi kwangu mpaka afe."

"Na ukifa wewe kwanza?"

Fundi Mageti akacheka. Na kweli mwaka uliofuata aliugua, si sana, ila kitanda kilimshika, na wateja wake wakawa wanakuja na baiskeli zinazolia, wanaegemea geti lake lililofungwa. Alipopona, mteja wa kwanza alimwambia usoni, "Fundi, nitengenezee kama ya Cheche." Alikasirika siku nzima. Kesho yake akatuma chuma chake kikapitishwe kwenye pete ng'ambo ya barabara. Hakuja mwenyewe, haya bado ilikuwa inamuuma.

Hivyo ndivyo lile jambo lilivyotambaa. Mimi nilikuwa nikilikuta mbele yangu. Naingia mji fulani, natega jiwe langu, naona baiskeli ya mikono inapita na gurudumu la Cheche. Fundi wa huko aliiga kutoka ekseli iliyopelekwa na shemeji wa mtu, akatengeneza pete yake. Nikirudi nyumbani namsimulia, yeye anasema "eeh" na kuendelea kuchomelea, lakini anachomelea vibaya mstari huo mmoja, lazima aurudie.

Kisha chama cha wenye baiskeli za mikono kikaomba ofisi ya viwango ikitambue kipimo kile. Sababu ilikuwa wazi. Hospitali kubwa ilikuwa inataka kuanza kutengeneza baiskeli hizo kwa wingi na kuzipeleka kila mahali. Itafuata kiwango kilichotambuliwa, basi. Kama ni hiki cha kwetu, Dereva na wenzake watapata gurudumu popote waendapo. Kama si hiki, hospitali itachukua cha kampuni moja ya mbali, magurudumu mapya yote yatakuwa ya huko, maduka yatajaza ya huko, na baiskeli zilizoko barabarani zitabaki yatima, moja moja, kama ile ya pipi. Cheche aliliona hilo kabla yetu. Nilimkuta mchana amekaa juu ya mtungi wa gesi, miwani mkononi.

"Shemeji," aliniambia, "nilimtoa mume wangu ndani mara moja. Sitaki arudishwe."

Ofisi ikamtuma mama mmoja mhandisi. Tulimtarajia mtu wa suti. Alikuja na ovaroli na begi lenye mafuta, akapiga magoti chini ya baiskeli ya Dereva kabla hajamaliza kusalimia, akatoka huko na kutu kwenye nywele.

"Nani anaruhusiwa kutengeneza hii?" aliuliza.

"Anayetaka," Cheche akasema.

"Anakuomba?"

"Aniombe nini? Pete iko nje."

"Vizuri. Hapo wengi wanakwama." Akajifuta mikono. "Sasa dada, kipimo kiko wapi?"

Cheche akaonyesha pete. Yule mama akaigeuza geuza, akaipenda, ilionekana, lakini akairudisha msumarini. "Hii iko hapa. Fundi aliyeko mbali hawezi kuja kupitisha chuma mlangoni kwako. Na siku ukihama? Siku ikiibiwa? Niandikie kwenye karatasi kila kitu, mtu ambaye hakujui, hajawahi kukuona, hana namba yako ya simu, asome na kutengeneza. Nitaipeleka karakana mbili zisizojuana. Moja itengeneze ekseli, nyingine gurudumu. Tutazikutanisha mbele ya watu. Zikiingiana bila wewe kugusa, una hoja. Zisipoingiana, una baiskeli nzuri tu."

Hayo maneno ya mwisho Cheche aliyatafuna siku nyingi. Una baiskeli nzuri tu. Alikaa mezani na mume wake, yeye anasema, Dereva anaandika, kwa sababu mwandiko wa mdogo wangu ni mzuri, anaandika kama anashona. Wakagombana juu ya kila neno. "Kaza vizuri ni kukaza vipi?" Dereva anauliza. "Si kukaza vizuri!" "Mimi najua kwa sababu nakaa na wewe. Huyo wa mbali halali humu ndani." Ikawa ndiyo kauli ya nyumba: huyo wa mbali halali humu ndani. Hata chumvi ikizidi mtu anaambiwa hivyo.

Siku ya kukutanisha ilifanyika uani mwa shule ya ufundi, mchana, jua kali. Wenye baiskeli walikuja wote, uwanja ukawa na honi kama stendi. Fundi Mageti alikuja amevaa shati la arusi. Karakana mbili zikaleta mizigo yao imefungwa kwa magunia. Mwenye ekseli aliibana kwenye jiriwa, ile koleo ya mezani. Mwenye gurudumu alilinyanyua, akatutazama sote kama mtu anayeombwa aimbe bila kujiandaa, akalisogeza.

Likaingia. Kwa mkono. Akalizungusha, likazunguka kimya, likaendelea kuzunguka.

Kelele zilizopigwa sijawahi kuzisikia. Dereva aliikandamiza honi asiiachie. Fundi Mageti alinikumbatia nikakosa pumzi. Yule mama mhandisi akachukua kalamu, akitabasamu.

Na hapo Cheche, bundi yule, akasema, "Ngoja. Lileteni hapa, tuivalishe baiskeli ya mume wangu."

Walichomoa gurudumu la baiskeli ya Dereva, wakaleta lile jipya lililotengenezwa kwa karatasi. Halikuingia.

Cheche akajaribu tena, akigeuza. Akapaka mafuta. Lilishika mdomoni likagoma. Lilikuwa linakosa kidogo sana, upana wa nywele chache, lakini chuma hakijui kidogo. Wakajaribu kwenye baiskeli ya jirani yake: likagoma. Kwenye ya tatu: likaingia kwa shida. Honi zikanyamaza moja moja. Mtu wa nyuma akasema, "Leta nyundo," akakanyagwa mguu na mwenzake.

Cheche alisimama na gurudumu mikononi. Fundi Mageti akamwinamia, akadhani ananong'ona, lakini sauti yake haina nong'ono.

"Nyamaza. Umepita. Karatasi imeingia kwenye karatasi. Ndicho walichosema. Mwache mama asaini, haya mengine tutayarekebisha kwetu kidogo kidogo."

Yule mama alisikia, kama tulivyosikia wote. Kalamu ilikuwa bado mkononi. Nadhani angesaini, na hakuna mtu angemlaumu, kwa kuwa sharti alilolitoa lilikuwa limetimia. Alimwangalia Cheche tu, akingoja.

"Leteni pete," Cheche akasema.

Mtu alikimbia na pikipiki akaileta na kamba yake. Fundi Mageti ndiye aliyekuwa na kalipa nzuri, ile ya kupimia upana wa matundu na unene wa vyuma. Akaifuta kwa shati la arusi, akapima, akakunja uso, akapima tena.

"Hii si ishirini."

"Ni ishirini. Niliikereza mwenyewe."

"Ulipoikereza ilikuwa ishirini, mwanangu. Imeliwa."

Tukaelewa wote kwa pamoja, ukaona kichwa hiki kinatikisika na kile. Pete ilikuwa imeliwa. Chuma baada ya chuma, mwaka baada ya mwaka, mafundi wakipitisha ekseli zao, kila moja imekula chembe yake. Tundu limepanuka bila mtu kujua, na kwa kuwa ekseli inayopita ndiyo inayokubaliwa, ekseli za mtaa mzima zimenenepa pamoja nalo, na bushi za magurudumu zikapanuliwa kuzifuata. Sisi kwa sisi tulikuwa tunaingiana vizuri kabisa. Cheche alipokaa kuandika, hakuipima pete. Angeipimia nini? Alikuwa amebeba ile ishirini kichwani kama mtu anavyobeba umri wa mwanawe akasahau kuwa mtoto anakua.

Nilidhani atalia. Aliigeuza pete kwenye mwanga, akapitisha kidole ndani. Ilikuwa laini, inang'aa kama pete ya arusi ya bibi kizee. Kisha akaanza kucheka.

"Jamani," akasema, "ni mikono ya watu wangapi iliyokula chuma hiki?"

Tulikuwa tunahesabu kimya kimya, kila mtu na ekseli zake, kila mtu na siku aliyosimama pale mlangoni. Nami niliona kitu ambacho hata leo kikinijia navimba kifua: kwamba kipimo ambacho hakuna anayekitumia hubaki kizuri milele, kinakaa kabatini kinang'aa. Cha kwetu kilikuwa kimechakaa kwa kutumiwa.

"Basi wabadilishe ekseli zao," akasema yule fundi wa mbali aliyetengeneza gurudumu, kwa adabu. "Karatasi si ndiyo sahihi?"

"Karatasi ni sahihi na baiskeli haziendi," Cheche akasema. "Nitamwambia nani arudi nyumbani akanunue miguu mingine? Futa ishirini. Kipimo ni kile walicho nacho watu." Akamgeukia yule mama. "Lakini tatizo lingine hili hapa. Hawalingani. Wa zamani ni wembamba, wa juzi ni wanene, hata mume wangu, niliyembadilishia ekseli juzi. Naandika ipi?"

Yule mama mhandisi akaweka kalamu mfukoni na kupandisha mikono ya ovaroli, na niliona amefurahi kuliko alivyofurahi gurudumu lilipoingia. "Huandiki moja," alisema. "Ndilo lililokosekana kwenye karatasi yako, nami nililiona nikanyamaza, nilitaka nione vyuma vitasema nini. Uliandika namba moja kavu, kama vile mkono wa binadamu haukosei. Andika mbili. Isipungue hapa, isizidi pale. Ekseli namba mbili zake, tundu namba mbili zake. Mtu akikaa kati ya hizo, yuko ndani. Ila lazima tujue nyembamba kuliko zote na nene kuliko zote."

Kwa hiyo uwanja ukageuka karakana. Wenye baiskeli walishushwa kwenye mikeka na mabenchi, wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wakipigiana kelele, huku baiskeli zao zimepinduliwa tumbo juu. Fundi Mageti alipima. Yeye na kalipa yake, magotini, shati la arusi limekwisha, anataja namba kwa sauti ya lori na Dereva anaandika. Kila akipata nene anasema, "Hii yangu," kabla mtu hajamwambia, kwa sababu alikuwa na mkono mzito na alijijua. Watu wakavunjika mbavu.

"Fundi, na hii?"

"Hii yangu pia. Nyie mlinilipa kwa kilo?"

Walipomaliza, Cheche na yule mama walikaa chini na kugombana, maana tundu likiwa kubwa sana gurudumu litayumba kwa wenye ekseli nyembamba, na likiwa dogo litawagomea wanene. Waliwaita wenye baiskeli wenyewe waseme ni kuyumba kiasi gani kunavumilika. Bibi mmoja muuza mkaa akasema yeye na mizigo yake hataki kuyumba hata chembe. Kijana mmoja akasema afadhali ayumbe kuliko akwame. Walikubaliana mahali. Nene mbili tatu zilizopita kiasi, zote za Fundi Mageti, yeye mwenyewe alisema atazikereza bure, na akazikereza. Chini ya karatasi waliandika kuwa namba hizo hazitabadilishwa na mtu peke yake, wala Cheche, wala ofisi. Wakae tena mafundi na wapandaji. Hilo lilitoka kwa Cheche. Mhandisi akaongeza jambo kuhusu pete: kila pete ipimwe kwa muda wake, na ikiliwa itupwe.

"Hii siitupi," Cheche akasema. Akaifunga kwenye upindo wa kanga.

Karatasi mpya ilipelekwa karakana nyingine kabisa, isiyotujua. Gurudumu lilipokuja, hatukwenda shule ya ufundi. Lilijaribiwa mtaani kwetu, mbele ya mlango wa Cheche, kwenye baiskeli ya Dereva naye amekaa juu yake, amekataa kushuka. Yule mama mhandisi alilisukuma kwa vidole. Liliingia hadi mwisho. Alisaini juu ya kiti cha baiskeli, karatasi imeegemea goti la mdogo wangu, na mdogo wangu anasema lile goti lilisikia.

Walimuuliza Cheche kama anataka kiwango kiitwe kwa jina lake. Ofisi ingetoa namba tu, lakini jina lingeweza kutajwa mbele. Fundi Mageti akasema ndiyo kabla yake. Cheche akafikiri. "Wakiweka jina langu," akasema, "kuna fundi huko atasema hiyo ni ya Cheche, mimi natengeneza yangu." Ikabaki namba.

Mimi nilisikitika kidogo, nakiri, ningependa jina. Nilisikitika hadi arusi ya binti wa binamu yetu.

Ilikuwa mbali, tulikwenda mimi na Dereva tu, Cheche ana kazi za hospitali hadi juu ya kichwa. Tumeshuka, tunaelekea kwa wenyeji, Dereva anapiga honi mji asioujua, shimo likatumeza. Gurudumu la kulia likakunjika kama chapati. Tukauliza fundi, tukaonyeshwa kibanda cha bati, redio inaimba, ndani mtu wa makamo anakula mahindi. Aliitazama baiskeli huku anatafuna. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akatoa gurudumu kwenye rundo. Hakupima. Alichomoa lililokunjika, akaingiza lake kwa mkono mmoja, mahindi mkononi mwa pili, akakaza nati.

Mdogo wangu aliinama kuliangalia.

"Fundi," akasema, "umejuaje kama litaingia?"

"Lisiingie kwa nini, kaka? Hili la kawaida tu."

"La kawaida."

"Eeh, la kawaida. Yote yako hivi."

"Unajua nani alianza kipimo hiki?"

Fundi akamwangalia kama mtu aliyeulizwa nani alianzisha Jumanne. "Kilianzwa? Si kiko hivyo hivyo siku zote?"

Dereva alicheka mpaka machozi, akampigia honi, akampa mkono mara mbili. Fundi hakuelewa, akadhani jua limetupata, akatupa maji. Arusini mdogo wangu alisimulia kisa hicho kwa kila aliyekaa karibu naye, hata kwa bwana arusi, aliyekuwa na mambo mengine kichwani.

Tuliporudi, Cheche alikuwa mlangoni, anachomelea mguu wa kitanda cha hospitali. Pete ya zamani iko ndani siku hizi, juu ya picha ya arusi yao. Nje inaning'inia mpya. Dereva hakusubiri hata baiskeli isimame.

"Mke wangu! Fundi mmoja huko kanibadilishia gurudumu. Hakujui. Hajawahi kukusikia. Unajua kasemaje?"

Cheche akapandisha miwani, duara zake mbili nje. "Kasemaje?"

"Kasema ni la kawaida tu."

Aliangalia lile gurudumu geni, rangi yake si yetu, spoku zake si zetu, limekaa pale kama limezaliwa hapo. Akalisukuma kwa kidole, likazunguka.

"Sema tena," akasema.